Wote wa Tarehe Mosi Januari

Tantine wangu hutumiwa nyota kwa simu kila asubuhi, mradi apande kilima kutafuta rezo. Basi mdogo wangu alipotaka kuoa, tantine akadai kwanza kujua binti ni wa nyota gani. Tukaleta kadi yake ya kupiga kura: 1 Januari. Mbuzi. Akaomba ya kijana wetu: 1 Januari. Mbuzi tena. Na simu ilikuwa imeonya wiki ileile kwamba Mbuzi akioana na Mbuzi watagombania pesa mpaka wazeeke.

Hapa Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, Mbuzi ni wengi mno. Mdogo wangu na rika lake walizaliwa 1993, mwaka ambao vita vilianzia sokoni Ntoto, na aliyejifungulia kwenye migomba hakuwa na kalenda. Muulize mama yetu, atakwambia maharagwe yalikuwa yanatoa maua. Karani wa uandikishaji hana pa kuandika maua. Anajaza mwaka, anaweka tarehe mosi Januari, anaita mwingine. Kwa kuwa kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu tangu uchaguzi wa 2006, muuza petroli ni Mbuzi, katekista ni Mbuzi, na hata mapacha wa jirani, ambao mtu angedhani wana nyota yao tayari, ni Mbuzi wote wawili. (Masisi haikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita, kwa hiyo wengi huko bado wana nyota za kadi kuukuu.)

Mjomba akatucheka. Aliwahi kuchuuza samaki Kigoma, akarudi na sifa za Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar es Salaam aliyefariki 2011. Falaki, akasema, haina haja na tarehe: chukua jina la mtu na la mama yake, geuza herufi kuwa hesabu, jumlisha, gawa kwa 12, kinachobaki ndicho nyota. Akafungua daftari.

Jina la mama wa binti ni lipi? Alibatizwa jina la mtakatifu. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Sese Seko, na mama yule akachukua jina la ukoo. Miaka ya tisini akarudia la mtakatifu. Kwa hesabu ya mjomba, Zaire nzima ilihama nyota kwa amri ya rais. Akapata masalio mawili tofauti, akalaumu kalamu.

Binti alikuwa anatwanga sombe. Hakuacha mchi. "Mama," akamwambia tantine, "mimi nimeshakubali. Mbuzi wa mahari wako wapi?"

Sheria iko upande wake. Sheria ya Familia ya 1987, kifungu cha 351, inataka kila mchumba akubali yeye mwenyewe. Cha 361 kinataja mahari. Nyota hazina kifungu. Tukanunua mbuzi, mmoja akakata kamba njiani, tukamkimbiza matopeni na suti zetu za harusi.

Sasa wanagombania pesa kila mwisho wa mwezi, na tantine anatamba kwamba simu ilisema. Ilisema kweli. Ila ndoa isiyogombania pesa, ya Mbuzi au ya Samaki, sijaiona Kashebere.