Shujaa Hana Faili

Anayenunua medali kuukuu ya jeshi la Uingereza hulipia kipande cha fedha au cha shaba, lakini anachokitamani hasa ni mtu. Ukingoni mwa medali hiyo, kwa herufi ndogo zinazodai miwani na subira, pamechongwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Desturi hiyo ilishika mizizi kwa medali ya mapigano ya Waterloo ya mwaka 1815, ambayo walipewa wote waliokuwapo, jenerali na kuruta, kila mmoja kwa jina lake. Mkusanyaji akishalisoma jina huanza kuota: bwana huyu, bila shaka, alivuka mahandaki ya adui huku risasi zikimpita masikioni. Basi huingia kwenye nyaraka kumtafuta shujaa wake, na nyaraka humjibu kwamba bwana huyo alikutwa gwarideni na bunduki chafu. Wengi hukata tamaa papo hapo. Mimi nasema wangepaswa kushukuru. Jeshi ni mwajiri asiyeandika mema. Kwa hiyo mtafiti wa medali asiombe mtu wake awe alikuwa jasiri, aombe awe alikuwa mtundu.

Tuanze na medali zenyewe, maana husema machache kuliko zinavyong'aa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Medali ya Vita ya Uingereza, ambayo nyingi ni za fedha, ilitolewa kwa takribani watu milioni 6.5, na ile ya Ushindi, ya shaba, kwa takribani milioni 5.7. Kuzipata hakukuhitaji kuua mtu wala hata kumwona adui kwa mbali. Mpishi, karani wa stoo na mtunza nyumbu waliopelekwa vitani walizistahili sawa na waliochana nyaya za adui kwa mikono. Wenyewe walilijua hilo. Medali hizo mbili zilipoungana na nyota ya 1914 au ya 1914-15, utatu huo uliitwa Pip, Squeak na Wilfred, yaani mbwa, pengwini na sungura wa katuni ya gazeti la Daily Mirror. Mkusanyaji anayeziweka medali tatu za kawaida juu ya kitambaa cha mahameli na kushusha sauti mbele yake akumbuke kwamba walioshinda vita waliziita kwa majina ya wanyama wa katuni. Tena bei ya fedha ilipopaa kuelekea mwaka 1980, nyingi ziliyeyushwa, na pengine jina la askari aliyepona mapigano ya Somme likaishia katika kijiko cha chai. Medali, kwa ufupi, ni risiti ya mahudhurio: inathibitisha kwamba mtu alikuwapo, basi.

Ni nani basi atakayetuambia alikuwa mtu wa namna gani? Ni karatasi ya mwenendo. Jeshi la Uingereza lilikuwa na fomu maalumu ya makosa, iliyopigwa mistari kwa ustadi: mahali, tarehe ya kosa, cheo, kosa lenyewe, majina ya mashahidi, adhabu, na afisa aliyeitoa. Ulevi ulitengewa safu yake peke yake, ili afisa mwenye haraka asije akaukosa. Kwa hiyo askari aliyechelewa kurudi likizo, aliyemjibu koplo kwa jeuri au aliyepoteza vifaa vya serikali akakatwa mshahara, ana siku, mahali na mashahidi. Mtu asiyejulikana popote, aliyeishi zaidi ya miaka 100 iliyopita, leo tunajua alikuwa wapi jioni fulani, alifanya nini na nani alimwona. Wapo wafalme ambao hatujui hayo juu yao. Na mwenzake mtiifu, aliyeamka kwa baragumu, akang'arisha viatu, akala alichopewa na kuitikia "ndiyo afande" miaka minne mfululizo? Karatasi yake ni nyeupe. Afisa wake aliitazama akaridhika. Sisi tunaitazama na kubaki na swali la kama mtu huyo aliwahi kuwapo.

Mlango wa pili wa kuingilia kumbukumbu ni ugonjwa. Aliyeachishwa jeshi kwa jeraha au maradhi akaomba pensheni alipimwa na madaktari ambao, kwa kuwa serikali ndiyo iliyokuwa ikilipa, waliandika kila kitu: kifua, miguu, meno, na kama kikohozi alikuja nacho kutoka kwao. Mlango wa tatu ni kifo. Tume ya makaburi ya vita iliyoundwa mwaka 1917 iliorodhesha waliokufa kwa uangalifu usio na mfano, na familia zao zikapewa sahani ya shaba yenye jina la marehemu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 1.3. Kwa heshima ya usawa wa wafu, sahani hizo hazikuwekwa cheo, namba wala kikosi. Ni wazo tukufu, ila anayenunua sahani yenye jina la John Smith atazeeka nalo. Hata hivyo kanuni inabaki ileile: anayetaka jeshi limkumbuke na achague moja kati ya kukosea, kuugua na kufa. Aliyerudi nyumbani mzima na mwenye adabu amejiharibia historia.

Atasimama mtu aseme: na medali za ushujaa je? Hizo si zina maelezo? Baadhi zinayo, lakini si kama tunavyotarajia. Medali ya Kijeshi, iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya ujasiri wa askari wa kawaida, ilitolewa mara zipatazo 115,000 katika vita vile. Gazeti rasmi la London lilichapa jina na namba, na maelezo ya walichokifanya wengi wao hayapo tena. Yaani ukimbeba mwenzako chini ya mizinga unapata mstari mmoja. Ukipoteza kofia unapata mashahidi. Msalaba wa Victoria, ulioanzishwa mwaka 1856, una maelezo kamili zaidi, lakini hata huko utundu umeshinda. Kati ya 1861 na 1908 watu wanane walinyang'anywa msalaba huo kwa makosa yao. James McGuire aliiba ng'ombe. Michael Murphy aliiba shayiri na majani makavu ya mifugo. James Collis alioa mke wa pili wa kwanza akiwa hai, kosa ambalo katika pwani yetu lingemfikisha mbele ya wakwe, si mbele ya hakimu. Mwaka 1920 mfalme George wa Tano alieleza kupitia katibu wake kwamba hata mwenye msalaba akihukumiwa kunyongwa kwa mauaji, aruhusiwe kuuvaa kitanzini. Wenye msalaba huo tangu mwanzo wanazidi 1,300. Msomaji atawasahau karibu wote kabla ya chakula cha jioni, isipokuwa yule wa ng'ombe.

Mwingine ataleta habari ya moto. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliliangukia ghala la Wizara ya Vita katika mtaa wa Arnside, London, na karibu asilimia 60 ya mafaili ya askari wa kawaida wa vita ya kwanza yakateketea, ya watundu na ya watiifu bila upendeleo. Ni kweli, lakini tazama pengo lilivyozibwa: kwa mafaili ya pensheni, yaani ya wagonjwa. Kadi za medali nazo zilipona, na nyingi hazina zaidi ya jina, cheo, namba, kikosi na medali alizostahili mtu. Kadi yenye la kusoma ni ile iliyoongezwa kwamba mwenyewe alitoroka jeshi, au kwamba medali zilirudi kwa kuwa anwani haikumjua. Kwa Vita Kuu ya Pili hali ni ngumu zaidi, kwa sababu Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye medali za kuwapo vitani. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipata nyota zisizo na mwenyewe. Kinachozitambulisha ni masimulizi ya nyumbani, na masimulizi nayo, kama makarani wa London, hayana kumbukumbu nzuri ya utii.

Pingamizi lililo zito ni la adabu: marehemu hasemwi vibaya. Nalikubali kwa mtu aliyemdhuru mwenzake, au kwa maradhi ambayo familia ingependa yazikwe. Lakini sehemu kubwa ya karatasi hizo ni ujana tu wa watu wa miaka 19 waliopewa bunduki, ujira kidogo na jioni moja mjini. Kumsoma mtu amechelewa, amelewa na amejibu jeuri, kisha kukuta amerudi mstari wa mbele, ni kumpa ujasiri wake thamani, maana sasa tunajua aliyekwenda hakuwa sanamu. Orodha za minada hupandisha bei kwa sababu ya ushujaa na kuusifu utumishi usio na doa. Mkusanyaji mwenye akili na aulize kwanza bwana huyu aliadhibiwa mara ngapi. Akiambiwa hakuadhibiwa kamwe, airudishe medali mezani kwa heshima zote, amwulize muuzaji kama hana ya mlevi.