Namna ya Kulainisha Maji kwa Chumvi

Kwanza kubali kwamba maji yako ni magumu. Kwa mkaazi wa Mombasa hili lina uzito wake, maana tumelelewa kwa maji ya kisima tukiamini kuwa sabuni ndiyo mbovu. Basi chukua kipande cha sabuni usugue. Mkono ukichoka na badala ya povu umepata utando wa kijivu kama maziwa yaliyokatika, hongera. Chungulia na birika la umeme. Ule ukoko mweupe unaolia ukikwanguliwa kwa kijiko ni jiwe, jiwe hasa.

Limefikaje? Tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na udongoni, ikapata uchachu kidogo, kisha ikashuka ikiulamba mwamba. Pale Bamburi mwamba huo unachimbwa na kufanywa saruji tangu 1954. Wewe unaletewa wako hadi jikoni, tena umeshayeyushwa. Ukichemsha maji, hewa ile hutoroka na jiwe likabaki kujijengea ndani ya birika bila kibali cha kaunti.

Sasa nunua mtambo. (Ukiuziwa sumaku ya kufunga kwenye bomba, shukuru, kisha itumie kubandika karatasi kwenye friji.) Mtambo wenyewe ni mtungi mrefu uliojaa punje za plastiki ndogo kuliko ulezi, na kando yake pipa la chumvi. Muuzaji atakuapia kwamba unaondoa madini yote. Mwache amalize soda yake. Mtambo hauondoi, unabadilishana mali kwa mali. Punje zimeshika sodiamu. Kalisiamu na magnesiamu zikipita, punje huzitamani zaidi, zikazikamata na kuiachia sodiamu iende na maji. Kalisiamu moja hulipiwa sodiamu mbili. Ugumu wa miligramu 100 kwa lita ukitoka, miligramu 46 za sodiamu zinaingia. Kama nyumbani kuna mwenye presha, mwambie fundi aliache bomba la maji ya kunywa nje ya biashara hii.

Punje nazo hushiba. Ndipo mtambo, aghalabu usiku wa manane na kwa kelele za kukushtua, huvuta maji ya chumvi kali kutoka pipani na kuziosha. Sodiamu ikija kwa wingi namna hiyo huishinda nguvu kalisiamu, ikaisukuma hadi mtaroni. Maji hayo usinyunyizie mchicha, labda uwe wa jirani mliyekosana.

Kwa hiyo kazi yako iliyobaki ni kubeba magunia ya chumvi. Mimi nilipanda na la kwanza ngazi tatu nikiwa na furaha, hadi nilipokumbuka kwamba kisima chetu kiko karibu na bahari na maji yake yana ladha ya machozi.

“Fundi, yakitoka hapa chumvi itakuwa imekwisha?”

“Yatakuwa laini, mzee.”

“Nimeuliza chumvi.”

“Laini kabisa, mzee.”

Hakusema uongo. Povu sasa linajaa ndoo kwa sabuni ya ukucha, birika halioti tena magamba, na ukioga ngozi inateleza hata unadhani sabuni imegoma kutoka. Chai tu ndiyo bado ina chumvi. Hiyo inataka mtambo mwingine, na muuzaji ameshapiga simu mara mbili.

La mwisho: usimwoneshe nyanya risiti. Wangu amepika maharagwe miaka yote kwa maji haya haya, akitia kijiwe cha magadi. Magadi nayo ni ya ukoo wa sodiamu: huifanya kalisiamu igande na kutulia chini, na maharagwe yakalainika. Aliuzunguka mtambo wangu polepole, akaugonga kwa kidole, akauliza unakula nini.

“Chumvi, nyanya.”

Alicheka hadi akashikilia ukuta, kisha akaniomba nyundo akapasue magadi.