Ngeli za Vikorokoro vya Kamera: Utafiti wa Kisii na Nyamira

Watu walioandika kuhusu vifaa vya ziada vya kamera wameviainisha kwa kazi, kwa bei au kwa kampuni. Uainishaji huo huenda unafaa Berlin. Huku Gusii haufiki hata Keroka, kwa kuwa umesahau nguvu mbili zinazotawala upigaji picha katika milima hii: mvua ya alasiri na kamati ya harusi. Makala haya yanapendekeza mfumo mwingine, ambao kila mtu aliyesomea Kenya ameshaulipia karo, nao ni ngeli za nomino.

Kielelezo cha utafiti ni kijana wa mahali fulani kati ya Kebirigo na mji wa Nyamira, aliyepata renjifainda aina ya Zorki-4, ya mtumba lakini mpya kwake. Zorki-4 ilianza kutengenezwa mwaka 1956 huko Krasnogorsk, karibu na Moscow, nayo ina undugu na Leica ambao Leica wenyewe hawakuuomba. Haina kioo ndani. Jicho la mpiga picha halipiti kwenye lenzi. Hupita kwenye kidirisha cha juu, ambamo kitu kimoja huonekana mara mbili, naye huzungusha lenzi mpaka taswira hizo zilaliane. Haina betri, haina kipimamwanga, na ukibadilisha kasi ya shata kabla ya kuvuta filamu unaweza kuiharibu. Baada ya kuinunua, kijana amebakiwa na shilingi elfu sita. Leica mpya ya aina hiyo, pamoja na lenzi yake, ingemtoa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo tusiitaje tena.

Ngeli ya KI-VI ndiyo kubwa, na ndiyo hatari. Ni makao ya vitu vidogo vidogo ambavyo kimoja kimoja havitishi, lakini vikikutana mfukoni humaliza pesa zote. Tuanze na kifuniko cha lenzi, ambacho kimewagawa wasomi. Madhehebu ya kwanza husema kitupwe. Kwa kuwa mwenye renjifainda haoni kupitia lenzi, anaweza kupiga harusi nzima, tangu bibi harusi anapotoka kwao hadi keki inapokatwa, kifuniko kikiwa palepale, huku kidirisha kikimwonyesha kila kitu vizuri kabisa. Madhehebu ya pili husema kifuniko kisivuliwe ila wakati wa kubonyeza tu. Shata ya Zorki ni pazia la kitambaa kilichopakwa mpira, na hakuna kioo cha kulikinga. Lenzi ikiachwa ikitazama jua, miale hukusanyika mahali pamoja na kulitoboa. Mji wa Kisii uko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo hilo si suala la nadharia. Mwandishi anaegemea msimamo wa tatu, usio na gharama: kifuniko kivuliwe shughuli inapoanza, na kamera ining'inie lenzi ikitazama tumbo la mwenyewe.

Kichujio, kwa upande wake, kinastahili pesa. Jupiter-8, lenzi inayopatikana sana kwenye Zorki, huchukua kichujio cha milimita 40.5. Kinunuliwe cha rangi ya chungwa. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe hutia giza anga ya buluu, mawingu yaliyo juu ya genge la Manga yakajitokeza, na udongo mwekundu wa barabara za mashambani ukatoka mweupe kidogo. Hula karibu stopu mbili za mwanga, basi wingu zito likifika kivuliwe.

Kipimamwanga kisinunuliwe. Simu aliyonayo kijana ina programu ya bure, na simu ikizima chaji ipo kanuni ya wazee: jua likiwa kali, tundu f/16, na kasi ikaribiane na namba ya filamu, yaani filamu ya 100 kwa 1/100 au 1/125.

Wala kisinunuliwe kile kifaa cha kupigia vitu vidogo kwa karibu, hata muuzaji akibembeleza vipi. Ni kweli Tabaka kuna vinyago vya mawe ya sabuni vinavyoenea kiganjani. Lakini Jupiter-8 haikaribii kitu zaidi ya mita moja, na kwa umbali huo picha hubeba eneo la zaidi ya nusu mita kwa upana. Kiboko wa jiwe atatoka kama punje, na kifaa hicho hakimfai mtu ambaye jicho lake halipiti kwenye lenzi. Apige wachongaji.

Mwisho wa ngeli hii kipo kizibao chenye mifuko mingi, na hapa sarufi inakutana na sosholojia. Kamati ya harusi ikiona kamera ndogo isiyo na mdomo mrefu, huuliza kwa heshima mpiga picha mwenyewe atafika saa ngapi. Kizibao hujibu swali hilo kabla halijaulizwa. Hakiongezi chochote kwenye picha, ila huongeza uwezekano wa kulipwa salio. Cha mtumba chatosha; Daraja Mbili siku ya soko kitapatikana kwa mwenye subira.

Ngeli ya U-I ina wanachama watatu: mkanda, mkoba na mwavuli. Baadhi ya Zorki-4 hazina masikio ya kufungia mkanda, na hapo mkoba wa ngozi wa kiwandani, unaokazwa kwa skrubu chini ya kamera, ndio mkanda wenyewe. Basi muuzaji aulizwe kwanza kama mkoba upo. Mwavuli usijadiliwe. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka baada ya chakula cha mchana, wakati hotuba za wazee zinapokolea.

Ngeli ya I-ZI: flashi na tripodi zingoje. Flashi inapendwa na kamati, lakini pazia la Zorki hupatana nayo kwa kasi ndogo tu, hivyo saa sita mchana nje ya kanisa haimsaidii bibi harusi ambaye macho yake yamemezwa na kivuli cha paji. Asogezwe chini ya mti. Tripodi, kwenye miteremko ya Nyamira, hudai miguu ya urefu tofauti.

Kuna wanachama wa ngeli ya U-U ambao huja bila kununuliwa: unyevu na ukungu. Ukungu ukiota ndani ya lenzi huchora nyuzi zisizofutika kwa kitambaa, na mkoba wa ngozi uliofungwa ukiwa mbichi ndio shamba lake. Kamera ilale nje ya mkoba, ndani ya mkebe wenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyotupwa na wauza viatu. Vikichoka hukaushwa kwa moto mdogo, virudi kazini.

Kifaa bora kuliko vyote kinapatikana katika ngeli ya A-WA. Ni mpwa. Mpwa hushika mwavuli, hulinda mkoba, huwaondoa watoto mbele ya lenzi, na humkumbusha mjomba kuhusu kifuniko. Haingii ukungu. Hulipwa soda, nauli na haki ya kuonekana kwenye picha ya ukoo, na akikosa mojawapo atasema mbele ya watu.

Hukumu basi ni hii: kichujio, mwavuli, kizibao cha mtumba, soda ya mpwa. Pesa zote zinazobaki ziende kwenye filamu. Filamu moja ina picha 36 tu na hotuba za wazee hazina idadi, kwa hiyo agiza Nairobi mapema, zije kwa parseli ya matatu, na usitegemee kuzipata njiani kati ya Keroka na Nyamira asubuhi ya harusi.