Kelele za Nyuma

Ilianza Jumatatu asubuhi, kwenye tuta la kwanza nikitoka nyumbani Tabata. Ngo! Nikadhani nimegongwa. Nikatazama kioo: nyuma yangu hamna gari, kuna bodaboda mmoja tu anapiga miayo. Tuta la pili: ngo-ngo. Nilipoingia Barabara ya Mandela, kwenye lami tambarare, gari likanyamaza kabisa, kimya kile cha mtoto aliyevunja kikombe.

Sijui wenzangu mnafanyaje gari likianza kulalamika. Mimi huongeza sauti ya redio. Dawa hiyo ilinifaa siku tatu, hadi nilipompa lifti jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyependa redio. Tulipopanda tuta la msikitini akageuka polepole, akaniuliza kwa upole wa mtu aliyewahi kukamata wanafunzi wengi, "Bwana, umebeba mtu huko nyuma?"

Basi ikabidi niulize watu. Na ukitaka kujua nchi hii ina mafundi wangapi, sema mbele za watu kwamba gari lako linagonga. Dereva wa ofisini akasema bushi, hakutaka hata kulisikia. Muuza vocha akasema springi. Shemeji yangu alisema huenda ni ekzosi: ule mpira unaoining'iniza ukikatika, bomba linapiga sakafu kila penye shimo. Ubaya ni kwamba wote walikuwa na hoja.

Shemeji akanifundisha na kipimo. Bonyeza kona ya nyuma ya gari kwa uzito wako wote, kisha achia. Likiruka mara moja likatulia, shokapu nzima. Likiendelea kucheza kama kitanda cha chaga, kazikeni. Nikabonyeza, watoto wa mtaa wamenizunguka wakidhani gari limekwama. Likaruka mara moja na nusu. Ile nusu sikujua niihesabie wapi.

Jumamosi nikaenda gereji, chini ya mwembe. Fundi wangu ni mtu wa maswali, kama daktari wa zamani. "Inagonga ukikanyaga breki?" Hapana. "Ukikata kona?" Hapana. "Ukikanyaga mafuta?" Hapana, kwenye matuta tu. Akaingia uvunguni na tochi ya simu. Akaitikisa ekzosi, imetulia. Akachomeka mtaimbo kwenye bushi, moja baada ya nyingine, akazipekecha, zimekaza. Akapitisha kidole kwenye shokapu kutafuta oili iliyovuja, akakinusa, akakifuta kwenye suruali. Kavu. Akafungua buti: mwamvuli, dumu la maji, pembetatu. "Hapa peupe," akasema, akafunga.

Hapo ndipo akaamua kumpakia kijana wake kwenye buti. Kijana akalala chali humo, mlango wa nyuma umeinuliwa, sikio kaliegemeza kwenye zulia, mguu mmoja unaning'inia nje. Nikaendesha taratibu kuelekea kwenye matuta, fundi akitembea ubavuni na mikono nyuma kama msindikizaji wa jeneza. Mama mmoja muuza maandazi akauliza, "Huyo kaiba nini?"

Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Tukarudi nyuma, tukalipanda tena kwa kasi. Kijana akaruka, akatua, lakini gari halikutoa hata mguno. Akashuka. Nikapita peke yangu: ngo-ngo!

Fundi akatabasamu. Nilipaswa kuogopa, maana fundi akitabasamu namna ile hesabu yake imeshapatikana. "Umeona, bosi? Ikibeba mzigo inanyamaza. Ikiwa tupu inagonga. Shokapu hizo. Kwa nje kavu, ndani zimekwisha." Sikuwa na pa kumpingia. Hata mimi nilikumbuka kwamba Jumapili iliyotangulia nilitoka Tanga na nazi arobaini nyuma, Segera, Mkata, hadi Chalinze na matuta yake yote, na gari lilikuja limetulia kama bwana harusi. Nilipozishusha tu nazi, kesho yake ugonjwa ukaanza. Ushahidi gani tena?

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, hilo hata mimi najua. Nikaenda Gerezani, nikachaguliwa jozi ya mtumba kutoka Japani, nikapunguziwa bei hadi 140,000 baada ya kutoka dukani mara mbili nikijifanya nimekasirika. Zikafungwa jioni. Nikamlipa fundi, nikaagana naye kwa mikono miwili. Tuta la kwanza: ngo.

Sasa naomba askari wa usalama barabarani aruke aya hii. Tairi langu la akiba lilikuwa kwa fundi pancha tangu kabla ya safari ya Tanga. Wiki moja baada ya shokapu alinipigia simu: "Kaka, hili tairi lako wateja wanalikalia, njoo ulichukue kabla halijawa benchi moja kwa moja." Nikaenda. Nikafungua buti, nikainua zulia, nikainua na ule ubao wa chini ili niliweke mahali pake.

Kwenye lile shimo la tairi palikuwa na mbuzi.

Mbuzi ya kukunia nazi. Mpya, mti wake unanukia bado, imekunjwa, imefungwa kwa kipande cha kanga kilichokwisha kufunguka. Ilikuwa imejilaza humo inanisubiri. Ubao ukielemewa na nazi arobaini, au na kijana wa gereji, inabanwa. Ukiwa mtupu, inacheza.

Hapo nikamsikia upya Shangazi, alivyokuwa ameinamia dirishani pale Tanga huku mimi narudi kinyumenyume na kuitikia "sawa, Shangazi" kila kituo: msalimie fulani, nazi zile usizianike, na mbuzi ya mama yako nimeiweka nyuma. Angesema "nimemweka" ningeruka kutoka kwenye gari. Alisema "nimeiweka", sarufi safi ya Kitanga, nayo ikapita masikioni kama upepo.

Fundi nilimpelekea kuionyesha. Akaigeuzageuza, akampa kijana wake naye aitazame. "Lakini shokapu nazo zilikuwa zinaelekea kufa," akasema.

Jioni ile ile nikaifikisha Mbagala. Mama akaifuta, akaikunjua, akaikalia sebuleni na kizio cha nazi mkononi, akaanza kukuna. Mara akasita. Akajinyanyua kidogo, akakaa tena. Ngo.

"Mwanangu," akasema, "mbona hii inagonga kwa nyuma?"