Muulize Shangazi: Mtu Kalala Kaburini, Niite Polisi?

*Shangazi, shikamoo. Nimehamia Mbagala kikazi kutoka Bukoba. Nyumba niliyopanga, kila chumba na kabila lake. Juzi tulizika jirani Mzaramo. Akatokea Mnyamwezi, akashuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe hela, na kwamba marehemu alikuwa mlafi. Niite polisi? – Mgeni Mwenye Hofu.*

Marahaba, mwanangu. Umebisha hodi penyewe. Mambo ya makabila yakiwashinda wazee wa Kisarawe, huletwa barazani kwangu, nami huyamaliza kabla ugali haujaiva. Naona pia umeambatanisha nakala za vyeti vyako vya shule. Hatukuviomba, lakini kwa mtu wa Bukoba tungeshangaa visingekuwepo.

Huyo bwana ni mtani. Enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakimalizia safari kwetu Uzaramo na njaa zao. Sasa watu wote hao wapite kwenye mihogo yako, utafanya nini? Utapigana nao au utataniana nao. Sisi, kwa busara ambayo mimi nimeirithi yote, tukataniana. Wangoni na Wahehe walianza kwa kupigana vita hasa, karne hiyohiyo ya 19, ndiyo maana utani wao una meno. Hadi leo Mngoni akiona mbwa anapita Iringa humuuliza Mhehe, "Huyu mmemwachia nani?"

Msibani mtani hubeba, huchimba, hupika, na hutukana. Vikindu nilimwona mmoja kavaa koti na kofia ya marehemu, kaketi kwenye kiti chake, anadai chai ya sukari vijiko vitano kama alivyozoea mwenyewe. Binti wa marehemu, aliyekuwa hajala tangu jana yake, akamfuata na mwiko ampige. Akaishia kucheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani, kisha akaomba uji. Hela anayodai mtani ni ndogo. Ukinuna ndipo inapanda.

Ila usijitie kimbelembele. Utani una wenyewe. Mgeni akimtukana marehemu wa watu, atatolewa makaburini kwa makofi.

Serikali iliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya ile ya 1967. Mimi sikuacha. Makabila yetu yanapita 120, na ninayatambua yote kwa harufu ya mboga, nimefumba macho. Mchaga ukimkosea mpelekee jani la masale, maelezo baadaye. Hilo nalo nimekupa bure.

Dawa yako sasa. Msimu wa senene ukifika, agiza nyumbani debe zima, ukaange uani alfajiri, milango yote ikiwa wazi. Atakayepiga kelele "Mhaya anakula panzi!" huyo ndiye rafiki yako wa kufa na kuzikana. Atakayenyamaza anataka kuonja, mpe. Atakayekimbia hajalipa hela ya maji. Nusu ya debe iletwe ofisini kwetu kwa uchunguzi, dawati langu wanalijua.

Polisi? Mhariri ananikata, nafasi imekwisha. Usiwaite. Askari mwenyewe akiwa Msukuma, nao ni watani zetu, atalala kaburini na sare zake.