Mzazi, Mfanyakazi na Mwanafunzi kwa Siku Moja: Mwongozo wa Hatua Sita

Akitokea mtu akakuambia kwamba mtu mzima anaweza kufanya kazi, kulea na kusoma chuo bila chochote kupungua nyumbani, ujue hajasoma, au amesoma huku mwingine akimpikia. Siku ina saa 24 kwa mkurugenzi na kwa mama ntilie. Lazima kitu kipungue. Kazi yako ni kuchagua kipungue kipi, na kuwaambia wanaohusika kabla hawajajionea wenyewe.

1. Acha kusoma kwa siri

Watu wazima wengi huanza chuo kama wanaoficha ugonjwa. Ofisini hawasemi, wakwe hawajui, hata jirani anaambiwa “natoka kidogo”. Wanaogopa kuchekwa wakifeli. Watachekwa, ndiyo, na wakifaulu watachekwa vilevile: watasikia wamesoma ili wampite mume cheo. Kicheko hakikwepeki, basi tangaza. Siri ni ghali, kwa sababu kila saa ya kusoma inadai uongo wake. Mwishowe bosi anakuona mvivu, na mtoto anaona humtaki.

Wakikuuliza, “Umri huu unasoma ili iweje?”, wakumbushe mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na mwaka uliofuata akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Wakisema huyo ni Mkenya, waambie Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukisubiri watoto wasome ndipo nchi iendelee, utasubiri miaka mingi, lakini mtu mzima anatumia leo alichojifunza jana.

2. Chagua chuo kinachojua kwamba una mtoto

Usichague chuo kwa uzuri wa geti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yako: makao makuu yako Kinondoni, vituo viko mikoani, na sehemu kubwa ya masomo unayafanya ukiwa kwako. Vipo pia vyuo vyenye madarasa ya jioni. Popote uendapo, kabla ya kulipa ada uliza maswali manne: mitihani ni lini, inafanyikia wapi, naruhusiwa kusoma masomo mangapi kwa muhula, na mtoto akilazwa naahirishaje? Ofisi isiyoweza kujibu swali la nne itakusumbua.

Kisha punguza tamaa. Masomo mawili uliyoyafaulu yanakusogeza mbele kuliko matano yaliyokuachia sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Hakuna anayefukuzana nawe, na disko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, haiangalii kwamba ulikuwa na nia njema.

3. Mpe bosi ratiba, usimpe msiba

Bibi mzaa baba hawezi kufariki kila msimu wa mitihani. Bosi anahesabu. Mwanzoni mwa muhula mpelekee karatasi moja yenye tarehe za mitihani, siku unazoomba, na jina la mwenzako aliyekubali kukushikia kazi, pamoja na deni utakalomlipa mwenzako huyo akiwa na harusi yake. Bosi mgumu hulainika akiona kazi haitalala.

Kama umejifungua, zijue haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Saa hizo ni za mtoto. Usizipangie asaimenti.

4. Jiuzulu kamati za harusi

Hapa ndipo kuna akiba kubwa ya muda katika nchi hii. Kikao kinaitishwa Jumapili saa tisa, kinaanza saa kumi na moja, na mpaka saa mbili usiku wajumbe hawajakubaliana rangi ya vitambaa vya ukumbini. Toa mchango wako mapema, mpongeze bwana harusi, toka kwenye kundi la simu. Harusi itapendeza bila wewe.

Msibani nenda. Kule wanahitajika watu wa kuchota maji na kukaa na wafiwa, na hakuna shahada inayostahili kukukosesha hilo.

5. Someni meza moja

Mzazi anayejifungia chumbani kusoma hugongewa mlango mpaka achoke. Toka, kaa na watoto. Saa moja jioni ondoeni sahani, futeni kile kitambaa cha plastiki mpaka kikauke, kila mtu aweke daftari lake. Wa darasa la nne anagawanya 84 kwa 6, anakosea, anafuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi inatoboka. Wewe unapigia mstari madesa yako kwa penseli yake nyekundu, kwa sababu yako hujui ilikopotelea. Maharage yako jikoni kwenye mkaa. Mpaka yaive sura moja imekwisha.

Ukimaliza, mpe mtoto maswali yako akutahini. Watoto hupenda sana kumkamata mzazi hajui. Mwache akukamate, kisha umwoneshe unavyorudi kitabuni kutafuta jibu. Hakuna mwalimu wa ziada atakayemfundisha hilo.

Sasa neno kwa akina baba. Baba akisoma, nyumba nzima huambiwa inyamaze. Mama akisoma, husubiri vyombo vioshwe na watoto walale, ndipo afungue kitabu saa nne usiku akisinzia. Kimya hicho kigawanywe. Wiki ya mitihani ya mama, baba aoshe, apike, akague madaftari, na asisubiri kupongezwa kwa kuwalisha watoto wake mwenyewe.

6. Jua nani anaikamilisha shahada yako

Katika nyumba nyingi za mjini jibu ni dada wa kazi. Unapobaki darasani mpaka saa mbili, yeye ndiye anayeongeza saa mbili za kumbembeleza mtoto. Unapoamka alfajiri kusoma, ameshaamka. Shahada isijengwe juu ya usingizi wa msichana wa miaka 17. Miezi ya mitihani mwongeze mshahara, siku yake ya kupumzika isiguswe, na shukrani umpe sasa, usingoje hotuba ya mahafali.

Kisha muulize aliishia darasa la ngapi. Wengi waliishia la saba. Wengine walitoka sekondari kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia wasichana hao mlango wa kurudi shule. Kwa asiyeweza kukaa tena na watoto wa kidato cha pili, ipo njia ya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT: akiufaulu anapata sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vituo vingine hufundisha masomo hayo.

Unaijua aibu ya kurudi darasani ukubwani, unajua na namna ya kuomba muda. Una kila sababu ya kumpa yeye ulichokiomba kwa bosi wako. Muhula ujao ukienda kulipa ada, uliza kituo cha karibu cha QT kina masomo saa ngapi na kwa shilingi ngapi, halafu rudi nyumbani mpange ratiba yake pamoja. Pale mezani mwongezeeni kiti.