Pipa la Shemeji

Shemeji yangu ni mtu wa Lubumbashi, na mtu wa Lubumbashi hawezi kuona shaba imetupwa akapita. Hapa Louisville tunakoishi, kila Jumamosi huenda uwanja wa kulenga shabaha, na wenzake wakishapiga na kuondoka yeye huinama kuokota maganda ya risasi, yake na yao. Ganda lile asilimia 70 ni shaba nyekundu, 30 ni zinki. Shaba imejaa kwao, zinki iko Kipushi karibu na mjini. Kwa hesabu yake, Wamarekani wanamwaga mali ya Katanga kwenye nyasi. Ganda hutiwa fataki na baruti mpya likatumika tena, lakini sharti lioshwe kwanza.

Mashine ya kuoshea inauzwa dukani. Nilipolisema hilo, shemeji aliniuliza kama nimesahau nilikozaliwa.

Basi tukaunda yetu. Unachukua bomba la plastiki la inchi 6, unaliziba huku na huku kwa vifuniko vya mpira, unalilaza juu ya rola mbili, mota inalizungusha polepole kwa saa kadhaa. Ndani unatia maji, sabuni ya vyombo, asidi ya limau kidogo, na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, vyenye unene wa milimita 1.2, vinavyopenya hadi kwenye tundu la fataki. Bomba lilikuwa Columbus kwa shangazi yangu, ambaye mwanawe ni fundi bomba. Mota ilikuwa Buffalo. Ndugu yake shemeji alinunua mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba baada ya Novemba 2022, upepo wa Ziwa Erie ulipomwaga karibu mita 2 za theluji huko Orchard Park, kusini mwa mji. Alikimbia kidogo, kisha akaanza kuanikia nguo. Mota ikashuka kwa barabara ya 90, ikaingia ya 71, ikapitia kwa shangazi kuchukua bomba na mahamri. Mahamri hayakufika.

Mashine nyingi za kukimbilia haziwaki bila kifunguo chenye sumaku ambacho mkimbiaji hujibana nacho nguoni. Kifunguo kilibaki Buffalo. Ndugu akaapa amekituma. Bahasha ilipofika, ndani mna kifungulio cha chupa. Tukabandua sumaku ya friji yenye sura ya farasi wa Derby, tukaigusisha, na mota ikawaka kwa mwendo ambao mwenyewe wa Buffalo hakuwahi kuufikia. Bomba likaruka kutoka kwenye rola, likatoka gereji, likabiringika hadi kwa jirani. Yule mzee wa Kentucky alilirudisha kwa mikono yake, akalinusa, akauliza kwa sauti ya chini kama tunatengeneza bourbon. Alipoambiwa ni sabuni, alisikitika kweli.

Kisha likaja baraza la simu kuhusu dawa. Shangazi alisema ukwaju, kama walivyosugulia masinia Mombasa. Ndugu wa Buffalo akapendekeza dawa ya vioo yenye amonia, nami hapo nikapinga, maana amonia na shaba ya namna hii haviwekwi pamoja. Waingereza waliliona hilo India: risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za monsuni zilipasuka zenyewe, na mwaka 1921 wataalamu wakaeleza kwamba kisa ni amonia ya mikojo. Nilisimulia kwa madaha. Shemeji akawa kimya sana. Kazi yake ni kuhudumia farasi, na ndoo zake zote za maganda alikuwa amezihifadhi zizini.

Yale yaliyopona tukayatia pipani, yaani kwenye bomba letu. Kijiko kidogo cha asidi alikiona ubahili, akamimina kwa ukarimu wa kwao, na maganda yakatoka ya waridi: asidi imekula zinki, juu imebaki shaba nyekundu tupu. Shemeji akasema afadhali, maana sasa ni ya Katanga halisi.

Msiba wenyewe ni vile vijiti. Kuvitenga na maganda kunataka chujio, na la karibu lilikuwa la tui la nazi. Siku ya Idi mgeni mmoja alitafuna kitu kwenye pilau akadhani ni bizari. Bizari haivunji jino. Mke wangu ni muuguzi, anajua kuwa fataki zina madini ya risasi na yale maji machafu nayo yanayo. Sufuria zima likaenda jaani, chujio likafuata, na Idi tukala piza. Tangu hapo hakuna kitu cha gereji kinachovuka mlango wa jikoni, na oveni, ambayo shemeji alikuwa ameipangia kazi ya kukaushia, haitajwi.

Juzi maganda yametoka yaking'aa, shemeji akatuma picha kwenye kundi la familia. Shangazi akauliza kama pipa linapokea mdila wa bibi. Nikamjibu kwamba mdomo wake ni inchi 6 tu.

"Mwanangu, la inchi 12 lipo huku."

Buffalo nayo ikajibu kwamba mota ya pili ipo, kwenye mashine ya mkewe. Mke wangu, ambaye hakuulizwa, ameandika neno moja tu, na shemeji anadai simu yake haikulipokea. Nimemwacha gereji anapima ukuta.